Ditekta ya Mtoto, Pete ya Baba

Mwanangu alipokaribia kutimiza miaka minane aliniomba kimoja kati ya viwili: mbwa, au mashine ya kutafutia hazina. Nikapiga hesabu. Mbwa anakula kila siku na siku moja atazaa. Mashine inakula betri tu. Nikamwambia, "Hazina, mwanangu. Hazina."

Wakati huo nilichojua kuhusu ditekta, ndiyo hiyo mashine ya kutafutia metali ardhini, ni kwamba ina mpini, ina sahani chini, na inalia. Mtu asiyejua kitu na asiyetaka kutoa hela huwa na kigezo kimoja tu cha kununulia, nami nikanunua ile iliyokuwa rahisi kuliko zote. Boksi lake ndilo lililonimaliza. Lilikuwa na picha ya mtoto anayecheka, ameshika taji la mfalme, mchanga unamdondoka vidoleni. Nilipomuuliza muuzaji kama kweli inafanya kazi, alinitazama kwa huruma, akagonga ile picha kwa kidole: "Mzee, mtoto mwenyewe si huyo hapo?"

Usiku, mtoto akiwa amelala, nikaijaribu. Nikaweka sarafu chini ya zulia, nikapitisha sahani juu yake. Kimya. Nikarudia polepole, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Kimya. Nikaondoa zulia, nikaishusha sahani mpaka ikakaribia kuigusa sarafu. Piiiii! Ililia hadi mke wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nani. Basi nikaielewa mashine yangu: inagundua bila wasiwasi kitu chochote ninachokiona kwa macho.

Ndipo nikaanza kusoma. Yaani baada ya kulipa. Nikajifunza kwamba ditekta ya mtoto inatakiwa mpini unaofupishwa, la sivyo ataishika kama kasia na mkono utamchoka kabla hajafika popote. Uzito uwe kilo moja hivi au pungufu. Sahani iwe ya inchi sita hadi nane, kwa sababu ile kubwa huona chini zaidi lakini ni nzito, tena vitu viwili vikikaribiana huviona kimoja. Ya bei nafuu lakini ya kweli huiona sarafu iliyofukiwa sentimita kumi, hata 15 udongo ukiwa mzuri. Halafu iwe na nobu ya kuchuja. Hiyo nobu ndiyo iliyonivua nguo, kwa hiyo mniruhusu niieleze.

Ndani ya sahani mna nyaya mbili zilizoviringwa: wa kwanza unatuma, wa pili unasikiliza. Wa kutuma unapiga kelele za sumaku maelfu ya mara kwa sekunde. Chuma kilichofukiwa kikizisikia, hujibu. Ila kila metali hujibu kwa kuchelewa kwa namna yake. Msumari una jibu lake, shaba ina lake, fedha ina lake, na kwa kupima ule ucheleweshaji mashine inakisia nani anaongea. Ukizungusha nobu, unaiambia: fulani akijibu, usiniambie. Misumari, nyamaza. Karatasi za foili, nyamaza. Ni raha sana kuwa na mashine inayokutii hivyo.

Nikanunua ya pili, ya wanaoanza, yenye nobu na mpini wa kufupisha. Mke wangu akauliza ya kwanza ina kosa gani. Nikasema ni ya akiba.

Jumamosi asubuhi tukatoka kwenye uwanja nyuma ya nyumba. Mtoto akanyoosha mikono kupokea zawadi yake. Nikatamka yale maneno ambayo kila baba ameyatamka mbele ya zawadi nzuri kupita kiasi: "Ngoja baba aijaribu kwanza, isije ikawa na hitilafu." Nikampa ile ya akiba. Akaniangalia, akaiangalia, akaenda zake pembeni kukusanya vizibo vya soda.

Mimi nikawasha. Hapo hapo ikalia. Nikachimba: udongo. Nikasogea hatua mbili, ikalia tena. Nikachimba: udongo. Nikaanza kuamini kwamba tumejenga juu ya mji wa kale. Nilikuwa kwenye shimo la saba, jasho linaingia machoni, mwanangu alipokuja kusimama kando yangu.

"Baba, mbona inalia ikifika karibu na miguu yako?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa buti zangu za kazini, zile zenye chuma puani.

Kabla hamjanicheka, hilo limewapata wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, madaktari wakashindwa kuiona iliko. Akaitwa Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, akaja na mashine yake ya kutafutia metali. Risasi haikupatikana. Baadaye ikaelezwa kwamba kitanda alicholalia rais kilikuwa na springi za chuma, na springi hizo zilikuwa zinajibu wito. Rais hakupona. Bell hakulaumiwa na mtoto wa miaka minane, mimi nililaumiwa.

Nikavua buti, nikaendelea pekupeku. Sasa mashine ikatulia, ikaanza kulia mahali panapoeleweka. Nikajifunza na ule ufundi wa kuchota udongo kiganjani na kuupitisha juu ya sahani, ili ujue kitu kimeshatoka shimoni au bado. Nikachota: piii! Nikaupekua udongo wote, hamna kitu. Nikachota tena: piii! Safari hii sikumngoja mtoto. Nikautazama mkono wangu mwenyewe, nikaiona pete ya ndoa inanimetametea. Nikaivua, nikaitia mfuko wa shati. Huo mfuko hauna kifungo. Nakumbuka kabisa nililiona hilo, na nikaendelea.

Tulipopumzika mtoto akauliza kama kuna mtu aliyewahi kupata kitu cha maana. Nikamsimulia habari za Hoxne, Uingereza. Novemba 1992 mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani, rafiki yake Eric Lawes akaja na ditekta kumsaidia kuitafuta. Akakutana na dhahabu na fedha za Warumi, karibu sarafu 15,000, na vijiko, na vidani.

"Na nyundo?"

"Nyundo nayo ilipatikana. Iko makumbusho."

Hiyo ndiyo iliyomfurahisha kuliko dhahabu. Akataka kujua hazina inakuwa ya nani. Sheria za nchi zinatofautiana, na aghalabu mwenye shamba na serikali wana neno la kusema, lakini nilikuwa nimechoka, nikajibu kifupi: "Hapa kwetu, anayeokota ndiye mwenye mali." Akanipa mkono. Tukapatana.

Baada ya hapo nikaingia kwenye eneo ambalo inaonekana watu walikaa miaka mingi wakinywa soda tu. Kila nikichimba, kile kipete cha kufungulia kopo. Kumi na vinne, nilivihesabu. Kufika cha kumi na tano nikakasirika, nikaikamata nobu nikaizungusha hadi vipete vyote vikanyamaza. Amani ikaja. Nikaendelea kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, mpaka jua likaanza kushuka. Nikafukia mashimo yangu kama mtu mstaarabu, nikaenda kunawa mikono.

Mfuko wa shati ulikuwa mtupu.

Sikusema kitu. Nikarudi uwanjani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, nikachukua ditekta, nikaanza kupitia shimo baada ya shimo. Kimya. Nikapita tena kwa mkato. Kimya. Mke wangu akatokea dirishani akauliza natafuta nini bado. "Hazina!" nikajibu, na sauti ikanikatikia katikati. Nikapita mara ya tatu, ya nne. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia, na kila sentensi ilikuwa inaanza na "Unajua, mke wangu".

Kumbe nilikuwa nimeshaisoma hiyo habari, tena kwa macho haya haya: pete nyembamba ya dhahabu na kipete cha kopo la soda hujibu karibu sawa. Mashine haina macho. Kwake wote ni ndugu. Ukikinyamazisha kipete, umemnyamazisha na dhahabu. Ile pete ilikuwa inaniita pale chini kila nilipopita, na mashine inaisikia vizuri, inanificha kwa sababu nilisema usiniambie.

Lilinijia nimesimama katikati ya uwanja. Nikakimbilia nobu. Kabla sijaigusa nikasikia, pembeni kule, ile sauti ya kitoto: piiiii!

Mwanangu alikuwa amechutama juu ya shimo langu la mwisho. Alikuwa ameufukua tena ule udongo, akautandaza kwa viganja ukawa mwembamba kama chapati, na anaupitishia ile mashine ya akiba. Ile isiyo na nobu. Ile ambayo haijui kunyamazia mtu.

Akainuka na kitu kinachong'aa kati ya vidole viwili. Akakifuta kwenye kaptura.

"Dhahabu," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Hebu lete nione, mwanangu."

Akarudi nyuma hatua moja. Akaigeuza pete kwenye mwanga, akasogeza jicho, akaanza kusoma maandishi ya ndani, silabi moja moja, midomo inacheza. Nikamwona anafika mwisho. Nikamwona macho yanamtoka.

"Mwanangu, sikiliza kwanza..."

Alikuwa ameshatimka kuelekea mlangoni, ditekta inamburuzika nyuma, inalia juu ya kila kizibo alichokusanya.

"Mama! Mama! Nimepata dhahabu ya kale! Na aliyeizika alikuwa anakujua jina!"