Nani alipie usingizi wa prosesa?

Prosesa isiyo na kazi hailali usingizi wa aina moja. Tangu zitoke mwaka 1996 kanuni za ACPI, zinazopanga jinsi kompyuta inavyotumia umeme, usingizi huo umepangwa kwa ngazi: C1 ni kusinzia tu, C3 ni kulala fofofo, na kadiri inavyozama ndivyo inavyochelewa kuamka. Kwa betri ya laptop hiyo ni neema. Kwa kifaa cha zamani kinachotaka kuhudumiwa papo hapo, ni kubisha hodi saa nane za usiku.

Baadhi ya draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta, zimelikabili jambo hili kwa uungwana. Ndani ya Linux kuna ipw2100, draiva ya kadi ya Wi-Fi iliyokuja na laptop za Intel za Centrino za mwaka 2003. Kadi yenyewe haivumilii prosesa ichelewe kuamka zaidi ya mikrosekunde 175. Basi draiva ikiiwasha kadi, inaiomba kerneli, kiini cha Linux, isiruhusu usingizi unaopita kiasi hicho; ikiizima, inaondoa ombi. Mwenye shida anajulikana, ametaja kipimo chake, na betri inayoumia ni ya mashine yenye kadi hiyo peke yake.

Tofauti na hapo ni kisa cha chipseti za karibu mwaka 2002, yaani chipu zinazoiunganisha prosesa na sehemu nyingine za kompyuta. Zilikuwa na kasoro: prosesa ikiamriwa kulala, chipseti haikuisimamisha kwa wakati. Dawa iliyowekwa kwenye kerneli ilikuwa kuisomesha prosesa saa ya ACPI bila sababu, mradi ipoteze muda kidogo hadi chipseti itekeleze amri. Maelezo yaliyoandikwa kando ya msimbo yalitaja kasoro, lakini hayakusema ni chipseti zipi.

Miaka 20 ikapita. Prosesa za Intel zikahamia njia nyingine ya kulala, isiyopita hapo kabisa, huku seva za AMD zikiendelea kunywa dawa ya ugonjwa ambao hazijawahi kuugua. Usomaji ule mmoja unaweza kula maelfu ya mizunguko ya prosesa. Baya zaidi, muda uliopotea ulihesabiwa kama usingizi, hivyo kerneli ikadhani mashine imepumzika vya kutosha na kuipeleka tena kwenye usingizi mzito. Kazi za kuamka na kulala harakaharaka ndizo zilizoumia. Mwaka 2022 mhandisi wa AMD alilibaini, na dawa ikabanwa iishie kwenye mifumo ya zamani ya Intel.

Ni rahisi kuwacheka walioiacha muda wote huo. Mimi siwacheki. Mashine inayoganda ikiwa usingizini haiachi ujumbe wala alama, na nani leo anayo maabara yenye chipseti za 2002 ajaribu kuiondoa? Aliyenunua laptop ya mtumba hatajua kwamba kilichomgandishia ni mstari mmoja uliofutwa. Ndiyo maana naona kubana kulikuwa busara kuliko kufuta. Ninacholaumu ni dawa kuandikwa bila jina la mgonjwa.

Swali gumu linabaki kwa draiva zisizo na mwenyewe, ambazo hakuna atakayeziongezea ombi kama lile la ipw2100. Hapo mafundi wengi huweka kikomo cha jumla wakati wa kuwasha mashine, kama intel_idle.max_cstate=1, inayoizuia prosesa isizame zaidi ya C1, na iliyosaidia sana kompyuta zenye prosesa za Intel za Bay Trail zilizokuwa zikiganda. Inafanya kazi, ila laptop hupata joto na chaji kwisha mapema, na ni vigumu kujua baadaye kifaa kipi kilikuwa chanzo. Kwa mashine moja yenye kadi moja korofi, ningeiweka bila kusita. Ila nisingekubali iwe chaguo-msingi la toleo zima la Linux, hata kama malalamiko yangepungua siku hiyohiyo.