Friji Isiguswe Bila Ruhusa ya Baba

Nyumba yangu inanuka vibua. Nimechoma udi, nimepiga deki na sabuni ya unga, nimepitisha kitambaa chenye ndimu kwenye raba ya mlango wa friji, harufu iko pale pale kama ndugu aliyekuja kutibiwa kwa siku tatu na sasa anaulizia shule ya watoto wake. Na haya yote, jamani, ni kwa sababu nilitaka kubana matumizi.

Ugomvi ulianzia kwenye mafuta ya kula. Mke wangu ni mtu wa mafuta ya kupima. Kila jioni mtoto anatumwa dukani kwa Mangi na kikombe cha plastiki na jero. Siku moja nimekaa zangu barazani nikapiga hesabu kwenye simu: jero mara siku 30 ni 15,000, halafu kile kipimo Mangi anakishika kimelala kidogo, ukimwangalia anakuuliza habari za kazini. Nikanunua dumu la lita tatu. Nikaliingiza ndani kwa mbwembwe, nikaliweka juu ya meza ili kila mtu alione. Nikasema kuanzia leo nyumba hii inanunua kwa jumla, mambo ya vikombe mwisho.

Dumu lilimaliza siku kumi na moja.

Mimi nilidhani kuna mtu anaiba. Hakuna aliyeiba. Mafuta yakiwa kwenye kikombe kila mtu anayaheshimu, mpishi anayadondosha kama dawa ya macho. Yakikaa kwenye dumu watu wanapata roho ya kitajiri. Zikapikwa chapati Jumanne, siku ambayo haina sikukuu wala mgeni. Mchicha ukawa unaogelea. Mwanangu wa kiume akajifunza kukaanga viazi saa tano usiku. "Mafuta ya kupima yanajua mwisho wake, baba watoto," mke wangu akaniambia, huku anasuuza dumu tupu la kuhifadhia maji. Nikamjibu kwamba tatizo si jumla, tatizo ni kukosa usimamizi. Hapo ndipo nikanunua daftari.

Daftari la kurasa 96, jalada gumu. Nikachora mistari kwa rula ya mtoto: Chakula, Nauli, Umeme, Maji, Shule, Mengineyo. Kila shilingi inayotoka iandikwe. Wiki ya pili mke wangu akalisoma kwa sauti mbele ya watoto. Chakula, hesabu inaeleweka. Maji, inaeleweka. Mengineyo, 41,000. "Mengineyo ni kina nani?" akauliza. Nikasema dharura. Binti yangu wa darasa la tano, ambaye namsomesha kwa jasho langu, akasema, "Mama, hapa pameandikwa soda, hapa mkeka, na hapa tena mkeka." Nikamwambia mkeka si lazima uwe wa kubeti, watu wanakalia mikeka. Akauliza uko wapi tuukalie.

Basi nikaamua kuonyesha mfano. Nikaanza na nauli. Toka Desemba 2023 nauli ya safari fupi za daladala hapa Dar ilipotoka 500 ikawa 600, mimi na makonda tumekuwa maadui. Zamani unatoa jero, mnaachana kwa amani. Sasa unatoa buku, konda anasema "subiri chenji mzee wangu", unasubiri, unapitishwa kituo, ukishuka umerudishiwa mia mbili na ahadi. Nikasema kipande cha mwisho nitakuwa natembea. Siku ya nne soli ya kiatu ikafunguka mdomo mbele kabisa ya ofisi. Fundi akaniomba 4,000, na akanishauri ninunue vingine.

Michango siisemi. Nimeletewa kadi ya harusi ya kijana ambaye mara ya mwisho kumwona alikuwa anaachishwa ziwa. Single elfu hamsini, double laki moja. Nikamuuliza mjumbe wa kamati kama kuna ya mtu wa kusimama mlangoni tu.

Umeme sasa. Kwa sisi watumiaji wadogo uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, mpaka ufike uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, kila inayozidi ni 350. Na toka 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU: jengo la baba mwenye nyumba, anayesimama kwenye mita kubonyeza tarakimu 20 ni mimi. Kwa hiyo ile 75 ikawa amri ya nyumba. Pasi Jumapili tu. Taa ya uani inawashwa mgeni akijitambulisha. Nikimkuta mtoto kasimama mbele ya friji iliyo wazi anawaza, namuuliza anatafuta nini humo, majibu ya mtihani? Mwisho nikatunga sheria: friji inazimwa saa tatu usiku, inawashwa saa moja asubuhi. Nikaandika kwa kalamu nene, nikabandika mlangoni: FRIJI ISIGUSWE BILA RUHUSA YA BABA.

Ilikuwa sheria nzuri. Mpaka nikaenda Feri.

Kule ofisini kuna jamaa alinambia, unakula kibua cha buku mtaani kwa sababu hujui Feri. Pale mnadani samaki ni bure. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri niko soko la samaki, suruali nimekunja, najiona mfanyabiashara. Dalali anapandisha bei kwa kasi, maneno yanagongana. Kuna fungu la vibua limemwagwa, wanang'aa. Mimi na mama mmoja, hawa wanaokaanga na kuuza, tukabaki wawili. Yeye 34, mimi 35. Yeye 36, mimi 38. Akashusha mkono, akaniangalia kwa huruma, akaondoka zake. Nikadhani nimemshinda. Ndugu zangu, mtu anayeishi kwa kuuza samaki akikuachia samaki, jiulize.

Vibua 60, shilingi 38,000. Nilifurahi kama dakika nne. Kumbe nimekuja mikono mitupu, ndoo 6,000. Vijana wanaoparua wakawarukia samaki kabla sijajibu, 5,000. Barafu 2,000. Daladala ya kwanza konda akaiangalia ndoo inavyochuruzika akasema "huyo abiria wako hapandi". Ya pili akaninyooshea kidole tu. Nikachukua bajaji mpaka Mbagala, 15,000, na njia nzima dereva ananiambia viti amevibadilisha wiki iliyopita.

Nyumbani binti akalileta daftari bila kuitwa. Akajumlisha: 66,000. Akagawa kwa 60. "Baba, kila kibua ni 1,100." Nikamwambia hesabu si kila kitu. "Wa pale gengeni ni 1,000," akasema, "na ameshakaangwa. Na anawekewa kachumbari."

Mke wangu hakusema kitu. Alikuwa amejifunga ile kanga yake ya "Sina siri nina jibu", nikaona kanga inatosha. Tukawapanga samaki kwenye friji mpaka mlango ukawa unafungwa kwa goti. Jioni tukala wanane, wakabaki 52, na saa tatu usiku kamili nikainuka kwa heshima zote, nikaizima friji.

Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu huu.

Jumapili nikadamka kwenda msibani Kigamboni kabla ya saa moja. Mambo ya kivuko, mambo ya kuzika, mambo ya kukaa kidogo na wafiwa, nimerudi saa kumi na mbili jioni. Kutoka kwenye kona ya Mangi nikaona paka wamekaa mstari kwenye ukuta wangu, wametulia, kama wanasubiri kuitwa majina. Nikaingia ndani mbio. Friji kimya. Swichi iko chini kama nilivyoiacha. Nikauliza nyumba nzima, hivi hamna mtu aliyefikiria kuiwasha? Wakaniangalia wote watatu, halafu wakaangalia mlango wa friji. Mwandiko wangu, kalamu nene.

Nikafungua. Sitaki kulieleza hilo. Nilianza kuhesabu hasara nikiwa nimeziba pua: moja, mbili, kumi, ishirini na mbili. Wameishia hapo. Thelathini wengine wako wapi?

"Niliwakaanga jana," mke wangu akasema kwa utaratibu, kama anasoma taarifa ya hali ya hewa. "Uliposhusha swichi ukaenda kulala, nikawatoa. Asubuhi nimewaweka barazani. Saa nne walikuwa wameisha."

Thelathini mara buku. Ndugu zangu, moyo ulirudi mahali pake. Nikamwita binti alete daftari, nikachora safu mpya kwa rula, nikaandika kwa herufi kubwa: MAPATO. Nikanyoosha mkono.

"Mapato ya nani?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia samaki niliwanunua mimi. Akasema ni kweli, na wale 22 walio humo kwenye friji ni wangu, hajawagusa, friji haiguswi bila ruhusa. Hao aliowauza walikaangwa kwa mkaa wake na mafuta yake, na hela imeshakwenda kwenye mchezo, leo ilikuwa siku ya kutoa. Akipokea, mwezi ujao, anataka kununua karai kubwa. Nikauliza karai la nini. Akasema, "Wewe si unakwenda Feri?"

Nimewafukia wale 22 nyuma ya choo usiku, paka wakihudhuria. Kwenye daftari nimewaandika chini ya Mengineyo.

Jana jioni watoto wote walikuwa tuisheni na mboga iko jikoni inasubiri. Nikapewa kikombe cha plastiki na jero. Nikatembea pembeni pembeni ya ukuta, kikombe nimekificha chini ya shati, nikasubiri wateja wapungue ndipo nikasogea dirishani.

"Kiongozi!" Mangi akapaza sauti, mtaa mzima unasikia. "Leo lita ngapi?"