Kuosha Vyombo Ugenini: Utalii au Uzamiaji?

Jioni moja, msimu wa wageni uliopita, mpwa wangu ambaye ni weita katika mkahawa mmoja wa Shela, kisiwani Lamu, alimhudumia msichana wa Kijerumani aliyeagiza sahani moja ya samaki wa kupaka na kula pamoja na mwenzake ili kupunguza gharama. Katika mazungumzo msichana yule alimweleza kwamba fedha za safari yake alizipata New Zealand kwa kuosha vyombo na kupeleka chakula mezani, na kwamba kwa miezi kadhaa makao yake yalikuwa hema. Mpwa wangu alirudi nyumbani na swali ambalo naona linastahili kupimwa kwa utulivu: ikiwa yeye ameifanya kazi hiyohiyo kwa miaka minne, tena anazungumza Kiingereza na Kiitaliano cha kutosha kuchukua oda na kuomba radhi, ni kitu gani kinachomzuia kufunga shanta lake na kwenda kufanya vivyo hivyo?

Barazani kwetu majibu yalikuja haraka. Wazee walisema huo ni uzamiaji, jina walilopewa vijana waliokuwa wakijificha melini bandarini Mombasa wakitumaini kuibukia Ulaya, nao wakaongeza kwamba mtembezi hula miguu yake. Vijana wakajibu kwamba ni utalii kama utalii mwingine, na wahenga hao hao ndio waliosema tembea uone. Nilichokigundua ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia kitendo kimoja, kusugua masufuria ya watu na kulala chini ya turubai, ambacho akikifanya Mjerumani husemwa kwamba anajifunza maisha, na akikifanya mtoto wa Lamu husemwa kwamba anatangatanga. Kwa maoni yangu tofauti hiyo haitokani na kazi wala na tabia ya mtu. Inatokana na hati aliyonayo mfukoni, na anayemshauri kijana bila kuanzia hapo humpoteza, awe anamhimiza kwenda au anamkataza.

Hata hivyo, hoja zinazoitetea safari ya namna hii si chache wala si dhaifu. Kazi ya mkahawa ni miongoni mwa kazi chache ambazo mgeni anaweza kuianza siku ya pili baada ya kufika, bila cheti kirefu, na mara nyingi humlisha anayeifanya, jambo ambalo mtu mwenye akiba ndogo hulithamini kuliko mshahara wenyewe. Tena ni shule ya lugha isiyo na ada. Ukipita Malindi utawakuta maweita wanaobishana na wateja kwa Kiitaliano fasaha ilhali hawajawahi kukaa darasani hata siku moja. Mji ule umezoeana na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipojenga huko Ngomeni kituo cha kurushia satelaiti, na lugha ikaingia kupitia jikoni na mezani. Kijana aliyejifunza namna hiyo akiwa kwao anaweza kujifunza hivyo popote. Na malipo yanavutia: nchini Australia kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Julai 2025 kilikuwa dola 24.95 za nchi hiyo kwa saa, yaani karibu shilingi 2,000 za Kenya, kiasi ambacho vibarua wengi wa mikahawa yetu hawakipati kwa siku nzima.

Wala kusafiri huku mtu akijilipia njia kwa jasho lake si jambo lililoletwa pwani hii na wageni wenye mashanta. Mabaharia wa majahazi waliokwenda Arabuni kwa upepo wa kusi hawakuweza kurudi mpaka kaskazi ivume, na miezi hiyo yote waliishi bandari za watu. Hakuna aliyewaita wazururaji. Lakini nakiri kwamba mfano huu una kasoro, kwa sababu baharia alikuwa na nahodha wa kumtetea na chombo cha kumrudisha, na mwenye shanta hana nahodha.

Kuhusu hema, wanaolisifu huanza na bei. Katika miji ya kitalii kodi ya chumba humeza sehemu kubwa ya mshahara, kwa hiyo anayelala hemani huweza kuweka akiba pale ambapo mwenzake anafanya kazi ili alipe kitanda tu. Zipo nchi ambazo sheria yenyewe inamtambua mpiga kambi. Norway, kwa sheria ya mwaka 1957, inamruhusu mtu kusimamisha hema katika ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe, mradi awe umbali wa mita 150 kutoka nyumba au banda linalokaliwa, na asizidishe usiku wa pili mahali pamoja bila idhini. Scotland nayo inatambua haki inayofanana na hiyo tangu sheria yake ya mwaka 2003. Si Ulaya yote iliyo hivyo, na anayedhani kwamba kila pori la huko ni kama fuo za Manda, kisiwa jirani yetu, ataamshwa usiku na polisi.

Jambo ambalo wasimulizi wa safari hizi hulipita haraka ni kwamba jiko na hema havipatani. Mkahawa unadai shati lililopigwa pasi, kucha safi na mtu asiyenuka moshi wa kuni. Hema linakupa nguo zenye unyevu, maji ya kuoga ya kuvizia na usingizi unaokatizwa na mvua. Zamu ya usiku huisha pengine saa sita, basi la mwisho limekwishaondoka, na kambi iko kilomita kadhaa nje ya mji. Mchana kutwa mali yako yote, pasipoti ikiwemo, iko mahali pasipo kufuli, au uibebe hadi jikoni na kumwomba meneja akutafutie pembe ya kuiweka. Sisemi kwamba hayawezekani. Nasema kwamba mtu hufanikiwa katika hali hiyo kwa wiki, si kwa miezi, isipokuwa awe katika kambi ya kulipia yenye bafu na kabati, na hapo akiba yenyewe huanza kupungua.

Turudi kwenye hati. Msichana yule aliosha vyombo New Zealand kwa ruhusa, kwa sababu Ujerumani na New Zealand zina mapatano ya viza ya likizo na kazi. Australia ina utaratibu kama huo tangu mwaka 1975: kijana wa nchi iliyomo katika mapatano, mwenye umri wa miaka 18 hadi 30, na kwa baadhi ya nchi hadi 35, hupewa mwaka mmoja wa kutembea huku akifanya kazi, na akifanya kazi maalumu kwa siku 88 anaweza kuomba mwaka wa pili. Tangu 2021 hata kazi za hoteli na mikahawa katika maeneo ya mbali huhesabiwa katika siku hizo. Kenya haimo katika orodha ya Australia, wala ya New Zealand, wala ya Canada. Kwa hiyo mpwa wangu hakosi ujasiri wala ujuzi. Anachokosa ni mapatano kati ya serikali na serikali, na hilo halitibiwi kwa kununua shanta kubwa zaidi.

Njia inayobaki kwa wengi ni viza ya utalii, na hapo ndipo hema linapogeuka kuwa kikwazo. Anayeomba viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 zisizorudishwa hata akikataliwa, hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala, fedha za kujikimu na sababu za kumrudisha kwao. Mjerumani anayekwenda Ureno na hema lake haulizwi na mtu atalala wapi. Kijana wa Lamu akiandika kwamba atalala hemani na atapata fedha mkahawani, amejikatalia viza kwa mkono wake mwenyewe. Akiipata kwa maelezo mengine, itamruhusu kukaa siku 90 katika kila siku 180, bila kumruhusu kuajiriwa. Akiajiriwa kwa siri, mwajiri asiyemlipa mwisho wa mwezi anajua fika kwamba hatashtakiwa. Na hata wenye ruhusa kamili hawakusalimika: ofisi ya serikali ya Australia inayosimamia haki za wafanyakazi ilitoa ripoti mwaka 2016 ikieleza jinsi wenye viza hiyo ya likizo na kazi walivyopunjwa na kunyanyaswa. Ikiwa aliyefunikwa na sheria alinyeshewa, aliye nje ya sheria atakuwaje?

Dada yangu, mama yake kijana huyu, ana hoja nyingine ambayo vijana waliicheka nami sikuicheka. Aliuliza nani atakayemwambia mpishi wa Kifaransa kwamba mtoto wake hakati nyama ya nguruwe wala hamimini mvinyo. Wapo wanaopata jiko la Kituruki au la Kimoroko wakasitirika, lakini mgeni asiye na ruhusa ya kazi hachagui jiko.

Haki inatudai tugeuze darubini pia. Lamu imewapokea wasafiri wa mashanta tangu miaka ya 1970, na hadi leo zipo nyumba za wageni zinazompa kijana wa Kizungu kitanda na chakula ili ahudumu mezani au apokee wageni kwa saa chache. Mila yetu ingebariki jambo hilo, kwani mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, hata hivyo, hairuhusu mgeni kushika jembe bila kibali cha kazi, iwe kwa malipo au bila malipo, na adhabu yake hufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3. Wanaotetea desturi hii husema kwamba kijana huyo huvuta wageni wa kwao na kuwafundisha wenyeji lugha, na ni kweli. Lakini anakuja Agosti na Desemba, miezi ambayo kibarua wetu hutegemea ili avuke Mei na Juni hoteli zikiwa zimefungwa, na sijamwona akipanga foleni kupimwa afya kila miezi sita kama sheria inavyomtaka kila anayegusa chakula cha biashara. Akipiga kambi juu ya matuta ya Shela, huenda hajui kwamba mchanga ule ndio unaochuja na kuhifadhi maji matamu tunayokunywa mjini. Tukimwita yeye mtalii, sioni kwa nini tumwite mpwa wangu mzamiaji.

Ushauri niliompa si wa kumkataza. Kwa kijana wa pwani, kazi ya mkahawa ng'ambo kwa sasa inapatikana zaidi kwa mkataba kuliko kwa shanta: Qatar, kwa mfano, iliweka mwaka 2021 kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula iwapo mwajiri havitoi. Hiyo ni ajira, haina utalii ndani yake, na anayekwenda aisome hivyo. Anayetaka kutembea kweli anaweza kuanza na Uganda na Rwanda, ambako tangu 2014 Mkenya huingia kwa kitambulisho chake, akitumia akiba aliyoichuma hapa kwa msimu mmoja, pasipo kumwosha mtu sahani. Mpwa wangu amelipokea pendekezo hilo nusunusu. Hema amekwishalinunua kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Limekunjwa darini, na kusi ikitulia anataka kulijaribu kisiwani Kiwayu kwanza, aone kama litashika mvua.