Macho hudanganyika, ufunguo haudanganyiki

Tarehe 20 Julai 2022, wafanyakazi wasiopungua 76 wa kampuni ya Cloudflare walitumiwa meseji ndani ya muda usiofika dakika moja: ratiba yako ya kazi imebadilika, bonyeza cloudflare-okta.com uione. Anwani hiyo ilikuwa na umri usiozidi dakika 40. Ukurasa ulifanana na ule wanaoingilia kila siku. Watatu wakaandika nywila zao.

Hao ni watu wa kampuni inayouza usalama wa mtandao. Kila siku tunahimizwa kukagua anwani kabla ya kuandika nywila, na watatu hawa wametuonyesha himizo hilo linaishia wapi. Ukurasa ule ulikuwa tayari kuomba na ile namba ya mara moja unayotakiwa kuiandika baada ya nywila. Wangeitoa pia. Lakini Cloudflare haitumii namba. Kila mfanyakazi ana ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta, na matapeli wakakwama na nywila mikononi.

Watu wengi hudhani nguvu ya ufunguo ni kile kidude chenyewe. Nguvu iko kwenye jina. Kivinjari huupa ufunguo jina halisi la tovuti iliyofunguliwa, na saini, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba ni wewe, hutolewa kwa jina lililosajiliwa tu. Herufi moja ikizidi, hakuna saini. Wala hakuna tarakimu ambazo mtu anaweza kukupigia simu akakurubuni umtajie, kama tunavyoibiwa kila siku kwa namba za meseji.

Wanaopinga wana hoja. Kidude kimoja ni kama dola 25 hadi 50, na unahitaji viwili. Apple hairuhusu uanze na kimoja. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba YubiKey, aina maarufu ya funguo hizi, za toleo la zamani zinaweza kunakiliwa, na programu iliyo ndani yake haisasishwi. Ni dosari ya kweli. Ila mwizi sharti aushike ufunguo wako, aufungue, awe na mitambo ya gharama kubwa. Yule wa meseji 76 hakuhitaji hata kukukaribia.

Kuhusu bei, jibu limo kwenye WebAuthn, kiwango huria cha kuingia kwenye tovuti kwa ufunguo, kilichoidhinishwa mwaka 2019 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Kwa kuwa si mali ya kampuni moja, ufunguo wa mtengenezaji yeyote hufungua Google na GitHub (tovuti ya waandishi wa programu) vilevile, na simu nyingi za sasa hufanya kazi hiyohiyo kwa alama ya kidole, bila kununua kitu.

Mimi ningeanza na barua pepe, maana nywila nyingine zote hubadilishwa kupitia humo. Ufunguo wangu mmoja uko pamoja na funguo za nyumba. Wa pili nimeufungia kabatini.