Maadamu Umefungua

Jamani, mwenye ugomvi na mimi asihangaike kwenda kwa mganga. Aninong'oneze tu maneno mawili: "maadamu umefungua." Nimekwisha.

Mimi nilitaka kubadilisha sili moja, ule mpira wa kuzuia oili isivuje. Moja! Ile ya ndani ya ekseli ya mbele, upande wa kushoto. Gari lenyewe ni Land Cruiser 60, la miaka ya 1980, mbele na nyuma lina ekseli za kipande kimoja, boriti la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndiyo utamu wake porini: tairi moja likipandishwa na jiwe, la upande wa pili linakandamizwa chini. Basi asubuhi nikakuta tairi la kushoto limelowa kwa ndani kama mbwa amepita akainua mguu. Nikanusa. Bora angekuwa mbwa. Oili ya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, ina salfa, na ile harufu haiishii kwenye shati, inakufuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Na mama watoto ana pua.

"Kazi ya asubuhi moja," nikamwambia. Kauli hiyo sasa ndiyo anayonisalimia nayo.

Hebu niwaeleze habu, kile kitovu cha gurudumu. Imekazwa kwa nati sita, na chini ya kila nati kuna washa ya umbo la koni, imejing'ang'aniza kwenye tundu lake kama kupe. Unatoa nati, koni haitoki. Unaivuta kwa koleo, inakutazama. Dawa yake ni kugonga habu yenyewe kwa kipande cha shaba, polepole, kuizunguka, mpaka koni zishtuke ziruke. Tano ziliruka. Ya sita ikangoja niweke nyundo chini, niiname kuichungulia, ndipo ikanipata katikati ya paji la uso. Imeniachia alama ya duara, na siku hizi watu wananiamkia kwa adabu sana. Wanadhani ni sijida.

Nyuma ya hapo kuna nati ya soketi ya milimita 54. Nani ana soketi ya milimita 54? Aliyekuwa na gari hili kabla yangu hakuwa nayo, maana nati yote ilikuwa na makovu ya patasi. Nikamlaani sana. Kisha nikaenda kutafuta patasi.

Ndipo akatokea shemeji, mikono mfukoni.

"Shemeji, maadamu umefungua, si uangalie na beringi?"

Nikaangalia. Zina vidonda. Beringi zikaingia kwenye orodha. "Maadamu umetoa beringi, fungua na tufe." Nikafungua tufe, lile bakuli la chuma ambamo shafti inakunjwa wakati wa kukata kona. Humo inatakiwa grisi nzito. Ile sili yangu ya ndani ilipochoka, oili ya difu ikahamia humo bila kodi, ikaiyeyusha grisi, na vyote viwili vikatoka pamoja kuliogesha tairi. Nikazamisha mkono mpaka kiwiko. Nilipoutoa nilikuwa nimevaa glovu nyeusi ambayo sikuinunua, na wakati huohuo simu ikaita.

"Shemeji, maadamu shafti zimetoka, difu si inatoka tu yenyewe?"

Haitoki yenyewe. Inatoka na kiuno chako. Tukailaza mezani, tukaimulika tochi: jino moja la krauni, ile gia kubwa ya difu, limemeguka. Shemeji akafurahi kama aliyeokota pochi. Akataka nitafute krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, za hesabu nyingine ya meno, ati gari lipande milima vizuri. Nikamkatalia. Hizi ni meno 37 kwa 9, na za nyuma ni 37 kwa 9. Ukitofautisha, siku ukiingiza gia ya magurudumu manne, ekseli zitavutana kama ng'ombe wawili wasiopendana kwenye jembe moja.

Zikaja mpya zenye hesabu ileile, ukaanza ugomvi wa nafasi kati ya meno. Inatakiwa milimita 0.15 hadi 0.20, unene wa nywele mbili hivi. Unapaka meno rangi ya njano, unazungusha, unasoma alama. Nikilegeza pete ya kurekebishia ya kushoto tundu moja na kukaza ya kulia tundu moja, shemeji anasema zimebana. Nikirudisha, zinacheza. Mimi, ambaye miwani yangu huwa naitafuta nikiwa nimeivaa, nilishinda Jumamosi nzima nikibishania unywele.

Wiki ya tatu tukafunga. Gari likaenda kimya, likakata kona bila kulia. Nikalala nikitabasamu.

Asubuhi tairi la kushoto limelowa.

Sikusema neno. Nikaingia chini ya gari nikalala chali, kwa kweli nilitaka tu kupumzika. Ndipo nikakiona: kipumulio cha ekseli, kidude cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kimezibwa na tope kavu. Ekseli ikipata joto, hewa ya ndani inavimba, inakosa njia, inaisukumia oili nje kupitia sili. Ya zamani au mpya, kwake ni mamoja. Nikakifungua, nikakiloweka kwenye dizeli, nikakipuliza. Dakika tano.

Natoka uvunguni, naona viatu vya shemeji.

"Shemeji," anasema, "maadamu umefungua cha mbele, hivi cha nyuma..."