6174 kichwani, 641 tumboni

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 23: Tanzania nzima 61,741,120, na katika hao 1,889,773 ni wa Zanzibar. Itazame hiyo ya kwanza. Imeanza na 6174, namba ya Kaprekar, mwalimu wa skuli wa India. Chukua tarakimu nne zozote, almuradi zisiwe zote sawa. Zipange kutoka kubwa, toa mpangilio wa kutoka ndogo, kisha rudia, na jibu likiwa 999 liandike 0999. Hazipiti hatua saba utafika 6174, na ukifika hutoki tena: 7641 − 1467 = 6174.

Wapo wasiovutiwa. Mwanahisabati G. H. Hardy wa Uingereza aliandika mwaka 1940 kwamba mambo ya aina hii, kama 9801 kuwa ni 1089, yaani yenyewe kinyumenyume, mara tisa, yanafaa kurasa za mafumbo na hayana cha kumshughulisha mwanahisabati. Hoja ina uzito. Iandike idadi ile ile kwa 0 na 1 za kompyuta, 6174 haionekani tena. Vigawo ndivyo havijali mwandiko: 61,741,120 ni 2 sita zilizozidishwa pamoja, mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Na hiyo 641 ina jina lake: mwanahisabati Euler aliionesha mwaka 1732 kuwa inaigawa 4,294,967,297, namba ambayo Fermat, mwanahisabati aliyemtangulia, alidhani ni tasa.

Hata hivyo Hardy asituharakishe. Sensa iliipa Unguja watu 1,346,332 na Pemba 543,441. Mtu aliyekaa Wete bila kikokotoo anaweza kuihakiki jumla kwa kujumlisha tarakimu tu, hadi ibaki moja. Za Unguja zinafika 22, yaani 4. Za Pemba 21, yaani 3. 4 na 3 ni 7. Za Zanzibar zinafika 43, nazo zinarudi 7. Hapana uchawi: 10, 100, 1,000, zote ukizigawa kwa 9 hubakisha 1. Ina tundu lake, maana karani akipindua 543,441 ikawa 534,441 tangu mwanzo, hesabu itapita salama. Lakini ina sababu inayoelezeka, na mwanafunzi wa skuli anaweza kuithibitisha mwenyewe. Mimi ningemwanzishia hapo kabla ya Kaprekar.

Kuhusu sensa yenyewe, sioni kwa nini 641 ijione bora kuliko 6174. Zote mbili zimeingia kwa bahati. Angezaliwa mtoto mmoja zaidi Chake Chake kabla ya saa sita ya usiku ule, tungepata 61,741,121, na 2, 5, 7, 43 na 641 zingetoka kwa mkupuo mmoja. 6174 ingebaki pale pale, hata wangezidi watu 8,879.