Kiraka wa besiboli: jasho lina thamani gani?

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, mjini Cleveland, mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya besiboli ya Marekani ulifika awamu ya 10 ukiwa 6-6, na mvua ilikuwa imeusimamisha kwa dakika 17. Albert Almora wa Chicago Cubs, aliyeingizwa kukimbia badala ya mwenzake, alikuwa kwenye besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha mkimbiaji. Kris Bryant akapiga mpira mrefu, ukadakwa kule nyuma karibu na uzio. Almora alirudi kwenye besi, akasubiri mpira uingie kwenye glavu, kisha akachomoka hadi besi ya pili. Muda mfupi baadaye Ben Zobrist aliuchapa mpira ukapita kando ya mstari wa kushoto na Almora akafunga. Cubs walishinda 8-7, wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, na Zobrist akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Tukio hilo lina kujituma kwa Almora na ukiraka wa Zobrist, yaani uwezo wa kucheza nafasi nyingi, kwa pamoja, na mashabiki wengi huvipima viwili hivi kwa mizani moja. Mimi sikubaliani nao.

Ukiraka una hesabu yake. Siku hizi timu hubeba wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Toa tisa wanaoanza, benchi linabaki na wanne, na mmoja wao lazima awe mdakaji wa akiba. Watatu waliobaki ndio wa kuziba pengo lolote. Ndiyo maana mtu anayecheza nafasi tano ni dhahabu kwa kocha. Zobrist akiwa Tampa Bay mwaka 2009 alicheza kila mahali isipokuwa kurusha na kudaka nyuma ya mpigaji, na bado alivusha mipira 27 juu ya uzio. Katika fainali ya 2016 yeye, ambaye msimu ule alizoea besi ya pili, alisimama kushoto nyuma, na Javier Báez akapata nafasi pale kwenye besi ya pili.

Lakini angalia hizo 27. Bila gongo lile, angekuwa mtu wa kuziba nafasi tu. Asiyeweza kupiga hata umhamishe nafasi tano, pengo lake la upigaji linahama naye. Hapa wapinzani wa viraka wana hoja nzito, na sioni pa kuikwepa.

Kujituma ndiko kunakonipa taabu zaidi, kwa sababu napenda kuona mtu akijituma. David Eckstein alikuwa mfupi, na katika misimu kumi alivusha uzio mara 35 tu. Watu walimpenda kwa jinsi alivyokimbia kila mpira kama wa mwisho. Wenye takwimu walisema mapenzi yale yamezidi. Lakini mwaka 2002 alikubali kugongwa na mpira mara 27, na kila mara alipata besi ya bure. Hilo ni jasho lenye faida inayohesabika, na maumivu yake ni ya kweli. Mwaka 2006 aliibuka mchezaji bora wa fainali akiwa na St. Louis.

Upande wa pili yupo Bryce Harper. Agosti 2017 alikimbilia besi ya kwanza kwa nguvu zote, akateleza kwenye besi iliyolowa, akaumia goti na kukaa nje wiki kadhaa. Washington walimkosa mpigaji wao hatari kwa ajili ya besi moja katika msimu wa michezo 162. Simlaumu, mchezaji wa kweli hukimbia. Ila kocha akimpanga mtu kila siku kwa sababu tu jezi yake ina vumbi, atakuwa anamwacha benchi aliye bora zaidi. Almora hakukimbia kila mpira usiku ule. Alisimama, akatazama, akachagua mmoja.